Kilo Mia za Nini? Kianzio cha Hesabu katika Mizania ya Maada

Mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 yanaletwa ghalani. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, kwa hiyo inabidi yakaushwe. Mwenye mzigo anapiga hesabu ya haraka: 20 toa 13.5 ni 6.5, basi mzigo utapungua kwa asilimia 6.5. Mwenye ghala anakuja na asilimia 7.5. Kwenye lori la tani 30 tofauti hiyo ni kilo 300 na ushei, yaani magunia matatu, na maneno ya wizi hayachelewi. Anayekosea hapa ni mwenye mzigo, ingawa kutoa anajua. Ile asilimia 20 ni sehemu ya uzito wa mahindi kabla ya kukaushwa, na ile 13.5 ni sehemu ya uzito baada ya kukaushwa, ambao ni mdogo zaidi. Ametoa sehemu ya mzigo mmoja kutoka kwenye sehemu ya mzigo mwingine.

Utata huohuo unawafuata wanafunzi wa uhandisi kemikali hadi kwenye somo lao la kwanza la maana, mizania ya maada, na kisha unaingia nao kiwandani. Mwalimu anasema kianzio chochote cha hesabu kitaleta jibu lilelile. Wanafunzi wawili wanachagua vianzio viwili na wanapata majibu mawili. Nani aaminiwe?

Kianzio ni nini, na kwa nini kinahitajika

Mizania yenyewe haina mafumbo. Kinachoingia kwenye mtambo, ukijumlisha kinachozaliwa humo na kutoa kinachotumika, lazima kitoke au kibaki ndani. Mtambo uliotulia haulimbikizi kitu, kwa hiyo kinachobaki ni sifuri. Ugumu uko kwenye taarifa tunazopewa. Mara nyingi tunaambiwa asilimia na uwiano: juisi ina yabisi asilimia fulani, gesi ina oksijeni asilimia fulani. Kutokana na uwiano mtupu huwezi kupata kilo hata moja. Ni lazima ushike mkondo mmoja na kusema: tuchukulie kilo 100 za huu, au tani moja, au saa moja ya uzalishaji. Kiasi hicho ndicho kianzio.

Ruhusa ya kuchukulia tu inatokana na tabia moja ya milinganyo hii. Ukizidisha mikondo yote kwa namba moja, mizania haivunjiki. Jibu la kilo 100 linageuka jibu la tani 4,000 kwa kuzidisha mara 40,000. Hapo mwalimu yuko sahihi. Asichokisema kila mara ni kwamba kianzio hujaza nafasi moja tu. Ukihesabu visivyojulikana na milinganyo huru uliyonayo, ukakuta kimoja kimezidi, kianzio kinaziba pengo hilo. Kama swali limeshataja kiasi cha mkondo wowote, pengo limezibwa tayari. Mwanafunzi anayechukulia kilo 100 za malighafi, kisha katikati ya kazi akaingiza kilo 500 kwa saa za bidhaa alizozikuta kwenye swali, ameweka vianzio viwili. Ndiyo maana majibu yake hayaoani na ya mwenzake, na mara nyingine hayaoani hata yenyewe kwa yenyewe.

David Himmelblau wa Chuo Kikuu cha Texas, ambaye kitabu chake cha misingi ya hesabu za uhandisi kemikali kilitoka mwaka 1962, aliwapa wanafunzi maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuchagua: nina nini mkononi, natafuta nini, na kipi kitanirahisishia kazi. Ushauri huo umedumu kwa sababu ni mzuri. Taabu yake ni kwamba maswali hayo matatu hugombana, na kambi zinazobishana kuhusu kianzio zinatofautiana hasa juu ya swali la kupewa kipaumbele.

Wanaoanzia kwenye kinachotafutwa

Kambi ya kwanza inasema: kama kiwanda kinataka tani 2 za makopa ya muhogo kwa siku, anzia hapo hapo. Makopa yakiwa na unyevu wa asilimia 13, yabisi yake ni tani 1.74. Muhogo uliomenywa ukiwa na maji asilimia 65, yabisi ni asilimia 35, basi unahitaji tani 4.97 za muhogo. Hesabu imekwisha, na hakuna cha kuzidisha mwishoni.

Kwa kazi ya hatua moja njia hii haina mpinzani. Udhaifu unajitokeza hatua zikiongezeka, na kila hatua ikiwa na upotevu wake. Namba zinakuwa ndefu na za desimali, na jicho halioni tena kosa. Ukianza na kilo 100 za muhogo, unajua kwamba bidhaa ikizidi 100 umekosea. Ukianza na tani 2 za makopa, namba kama 4.97 au 5.79 zote zinaonekana za kawaida. Tena, bidhaa ndiyo iko mbali zaidi na taarifa. Ili kuifikia malighafi unarudi kinyumenyume, na kila asilimia ya upotevu lazima uigawe badala ya kuizidisha. Mahali pa kupoteza mwelekeo ni hapo.

Kuna eneo moja ambako kambi hii inashinda waziwazi: hesabu za kulinganisha viwanda. Kiwanda cha saruji hakiulizwi kinatumia mawe mangapi, kinaulizwa kila tani ya klinka, yaani zao la tanuri linalosagwa kuwa saruji, inagharimu nini. Klinka yenye oksidi ya kalsiamu asilimia 65, ikiwa yote imetokana na mawe ya chokaa, imeachia kilo 510 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kila tani, bila kuhesabu moshi wa mafuta yanayochomwa. Namba hiyo inapatikana kwa uwiano wa 44 kwa 56 tu, na haijali kama mawe yanatoka Wazo Hill au kwingine. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, umejengwa juu ya klinka kwa sababu hiyo. Machimbo hutofautiana sana, ila klinka hufanana.

Wanaoanzia kwenye mia

Kambi ya pili ndiyo yenye wafuasi wengi madarasani: chukua 100 ya mkondo ambao muundo wake umeujua, asilimia zigeuke kiasi papo hapo. Lakini mia ya nini, kilo au moli?

Mfano wa Ziwa Magadi unatosha. Magadi yanayochimbwa pale, yakiwa safi, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja na maji, wenye uzito wa kilo 226 kwa kilomoli. Yakichomwa kwenye tanuri, moli 2 zinatoa moli 3 za kaboneti ya sodiamu, moli 5 za maji na moli 1 ya kaboni dayoksaidi. Kwa anayehesabu kwa moli, mlinganyo huo ndio jibu. Anayeanza na kilo 100 lazima agawe kwa 226, azidishe kwa 1.5, kisha azidishe kwa 106, ndipo apate kilo 70.4 za soda. Zinazobaki ni kilo 19.9 za maji na 9.7 za gesi, jumla 100. Njia zote mbili zinafika. Anayeanguka ni yule anayechanganya, akadhani kwamba moli 2 kuwa moli 3 maana yake kilo 100 zitakuwa 150. Idadi ya moli huweza kubadilika kwenye mmenyuko, kilo hazibadiliki. Kwa hiyo penye mmenyuko moli ni nyepesi kuandikia, nazo kilo ni hakimu mzuri wa kukagulia. Pasipo na mmenyuko, kama kwenye kukausha au kuchuja, moli ni mzigo usio na faida.

Ujazo uachwe kando kabisa, isipokuwa kwa gesi zilizorejeshwa kwenye joto na shinikizo la kawaida, ambako mita za ujazo ni moli zilizobadili jina. Changanya mililita 50 za spiriti safi na 50 za maji, utapata kama 96. Hakuna kilichopotea, ila ujazo hauna mizania.

Udhaifu wa kambi ya mia ni kwamba urahisi wake unaficha swali la pili: mia ya mkondo wenye nini ndani? Tuchukue moli 100 za methani, ambayo ndiyo karibu gesi yote ya Songo Songo, tuichome kwa hewa ya ziada ya asilimia 20. Inahitaji moli 200 za oksijeni, inapewa 240, na hewa hiyo inakuja na naitrojeni moli 903. Kwenye dohani zinatoka moli 100 za kaboni dayoksaidi, 200 za mvuke wa maji, 40 za oksijeni na hizo 903 za naitrojeni. Jumla ni 1,243. Oksijeni ni asilimia 3.2 ya jumla hiyo. Ukiondoa mvuke, jumla inabaki 1,043, na oksijeni ileile inakuwa asilimia 3.8.

Hili lina mashine zake. Kipimo kinachovuta gesi kutoka kwenye dohani na kuipoza kabla ya kuipima huangusha karibu maji yote, kwa hiyo kinasoma 3.8. Kile cha zirkonia kinachochomekwa ndani ya dohani kwenyewe kinasoma gesi pamoja na mvuke wake: 3.2. Fundi anaona tofauti, anaagiza kimoja kirekebishwe. Vyote vilikuwa sahihi. Akiichukua 3.2 kama ya gesi kavu, atahesabu hewa ya ziada kuwa asilimia 16 badala ya 20, na atafungua hewa bila sababu na kupandisha bili ya gesi. Waandishi wa sheria za Ulaya za moshi wa viwandani walilijua hilo: kiwango cha uchafu hutajwa kwa gesi kavu, na kwa oksijeni ya rejeo ambayo ni asilimia 3 kwa boila za gesi, 6 kwa nishati ngumu kama makaa, na 15 kwa tabo za gesi. Bila hayo, kiwanda kingepunguza uchafu kwenye karatasi kwa kuingiza hewa zaidi.

Wanaoshika kisichobadilika

Kambi ya tatu haiulizi mkondo upi. Inauliza ni kitu gani kinaingia na kutoka bila kuguswa. Kwenye mahindi ni yabisi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zina yabisi kilo 80, na kilo 80 hizo zitakuwa asilimia 86.5 ya mzigo uliokauka. Gawa, unapata kilo 92.5. Upungufu ni 7.5, ubishi umekwisha. Kwenye dohani kitu hicho ni naitrojeni. Kwenye kiwanda cha sukari ni nyuzi za muwa.

Ukichukua moli 100 za gesi kavu ya dohani tuliyoiona, yenye kaboni dayoksaidi 9.6, oksijeni 3.8 na naitrojeni 86.6, naitrojeni inakuambia oksijeni iliyoingia ilikuwa moli 23.0. Toa 3.8, zilizotumika ni 19.2. Kaboni inasema moli 9.6 za methani zilichomwa, nazo zinahitaji 19.2. Njia mbili zimekutana mahali pamoja bila kuambizana, na hiyo ndiyo nguvu ya kambi hii: inakupa ukaguzi bure.

Udhaifu wake ni imani. Kisichobadilika lazima kweli kisibadilike. Yabisi ya mahindi inapotea kama vumbi na makapi kwenye mashine. Hewa ikipenya kwenye ufa wa dohani kabla ya kipimo, naitrojeni haihesabu tena hewa iliyopita kwenye kichomeo. Na asilimia kwa uzito mkavu ni lugha ngeni sokoni: mahindi ya 13.5 yanakuwa ya 15.6, na ya 20 yanakuwa ya 25. Kwa mhandisi wa mitambo ya kukausha ni namba tamu, kwa kuwa 25 toa 15.6 inampa moja kwa moja maji ya kuondoa kwa kila kilo 100 za yabisi. Mfanyabiashara akisikia asilimia 25 atakimbia.

Penye kitanzi

Ubishi unakuwa mkali kweli pale mkondo unaporudi ulikotoka. Mfano mkuu ni amonia, ambayo kiwanda chake cha kwanza kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Naitrojeni na haidrojeni zikipita mara moja kwenye kichocheo, ni sehemu ndogo tu inayogeuka. Amonia inapozwa na kutolewa, gesi iliyobaki inarudishwa. Lakini malighafi huja na gesi ajizi kidogo, kama argoni, ambayo haigeuki na haitoki, kwa hiyo ingelimbikizana milele. Inabidi sehemu ya mkondo unaorudi imwagwe.

Wengi huanza na 100 za malighafi mpya, kwa kuwa ndiyo inayoingia mlangoni. Papo hapo wanakwama: kiasi kinachorudi hakijulikani, kiasi kinachomwagwa hakijulikani, na kila kimoja kinategemea kingine. Wanaingia kwenye kubahatisha na kurudia.

Anzia ndani ya kitanzi. Tuchukulie moli 100 zinazoingia kwenye kichocheo, 10 zikiwa ajizi, 22.5 naitrojeni na 67.5 haidrojeni, na asilimia 20 ya naitrojeni inageuka. Zinatumika 4.5 za naitrojeni na 13.5 za haidrojeni, zinazaliwa 9 za amonia. Amonia yote ikitolewa, zinabaki moli 82, kati yake 10 ajizi. Kama malighafi mpya ina ajizi asilimia 1, basi ajizi inayoingia lazima ilingane na inayomwagwa, na hilo linaonyesha kuwa kinachomwagwa ni 0.082 ya malighafi mpya. Malighafi inatoka 19.6, kinachomwagwa 1.6, kinachorudi 80.4. Hakuna kubahatisha hata mara moja. Tani 1,000 za amonia kwa siku? Kilo 41,667 kwa saa, gawa kwa kilo 153, ambazo ni uzito wa hizo 9 zikihesabiwa kama kilomoli, kisha zidisha yote kwa 272.

Tazama pia kilichojitokeza bila kuulizwa: zaidi ya asilimia 8 ya malighafi iliyogharimiwa inamwagwa ili kuvumilia asilimia 1 ya uchafu. Anayeanzia nje ya kitanzi huliona hilo mwishoni, kama akilifikia.

Hapa pana onyo ambalo halisemwi vya kutosha. Kuzidisha kwa 272 ni halali kwa mizania pekee. Ile asilimia 20 inategemea joto, shinikizo na kasi ya gesi juu ya kichocheo. Ukipeleka gesi mara mbili kwenye kichocheo kilekile, 20 haibaki 20. Vivyo hivyo joto linalopotea ukutani na msukumo unaopotea kwenye mabomba. Kianzio huongezwa na kupunguzwa kama namba, mtambo hauwezi.

Kompyuta haijamaliza ubishi

Wapo wanaosema mjadala huu ni wa enzi za kalamu. Programu za kuiga mitambo, ambazo mojawapo ya kongwe, ASPEN, ilianzia MIT miaka ya 1970, hupewa mtiririko halisi na kutatua zenyewe. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo nyingi kati ya programu hizo hukata kitanzi mahali fulani, zikakisia mkondo huo na kurudia hesabu hadi makisio yatulie. Makisio mabaya hayatulii, na anayejua mizania ya kitanzi kwa mkono ndiye anayeweza kuyaweka karibu na jibu. Zaidi ya hapo, programu haijui kama 3.8 uliyoiingiza ni ya gesi kavu au ya gesi pamoja na mvuke.

Maswali matatu yanapogombana

Kiwanda cha sukari kinaonyesha jinsi ya kuamua. Kilombero, Mtibwa au TPC, takwimu za kinu hutajwa kwa kila tani 100 za miwa, na si kwa mazoea tu. Miwa hupita kwenye mizani ya lori, makapi hayapimwi kwa urahisi. Kigezo cha kwanza, basi, ni kuanzia pale panapojulikana kwa uhakika, muundo pamoja na kipimo. Kinachotafutwa kisubiri mwisho, kwa kuwa kuzidisha hakuna gharama, isipokuwa pale ripoti yenyewe ni ya kulinganisha kwa kila tani ya bidhaa. Penye kitanzi uhakika huo unahamia ndani yake. Kisichobadilika nacho ni daraja la kuvukia kati ya mikondo; kikigeuzwa kuwa kianzio cha pili ndipo hesabu inapoharibika.

Tuseme miwa ina nyuzi asilimia 14 na makapi yana nyuzi asilimia 48. Tani 100 za miwa zinatoa tani 29.2 za makapi. Ukinyunyiza tani 30 za maji kwenye vinu, juisi ni tani 100.8. Juisi hiyo ikiwa na yabisi asilimia 13.5 na shira ikitakiwa iwe na 65, lazima zivukizwe tani 80 za maji. Kosa la nukta moja kwenye nyuzi za makapi, 47 badala ya 48, linahamisha tani 0.6 tu. Laiti tungeanza na tani 100 za makapi, kosa la nusu nukta kwenye nyuzi za miwa, 13.5 badala ya 14, lingehamisha karibu tani 13 za miwa.

Makapi hayohayo yanakwenda kwenye boila, na kule tani 100 za miwa hazina msaada, kwa kuwa kilichopimwa ni gesi ya dohani. Kubadili kianzio ni halali hapo, mradi kiungo kiandikwe. Makapi yakiwa nusu maji, tani 29.2 zina kavu tani 14.6. Kaboni ikiwa asilimia 47 ya kavu, hizo ni kilomoli 571. Dohani ikisoma kaboni dayoksaidi asilimia 14, kila kilomoli 100 za gesi kavu zimebeba 14 za kaboni. Basi hesabu yote ya boila inazidishwa kwa 40.8 kabla haijawekwa kwenye ukurasa mmoja na ya vinu: kilomoli 4,080 za gesi kavu kwa tani 100 za miwa. Ripoti isiyoonyesha hiyo 40.8 ilikotoka haikaguliki, hata kama kila mstari wake ni sahihi.